Kunde za Bi Amne na Maji ya Skuli

Miaka ile nilikuwa katibu wa kamati ya skuli, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa na ujasiri wa kukataa. Skuli yenyewe ni ya msingi, iko kusini ya mji, njia ya Chukwani. Jina lake nnaliacha, maana walimu wenzangu bado wapo na watoto bado wanasoma pale. Ninayetaka kumweleza ni Bi Amne Machano, aliyekuwa akiendesha kantini yetu, na yale yaliyomfika. Zaidi ya mwaka nimeyakalia, na nimechoka kuyakalia.

Bi Amne kazaliwa Makunduchi, kaolewa Chukwani. Alipokuja kwetu, mwanzo wa mwaka 2022, alikuwa na miaka arubaini na mitatu. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka kumi na moja katika jiko la hoteli moja kule Nungwi. Alianza kwa kuosha vyombo, akamaliza akiwa msimamizi wa upande wa vyakula baridi. Korona ilipokuja hoteli ikafungwa, na ilipofunguliwa tena mwenyewe alikuwa mwengine na watu wake wengine. Amne akarudi nyumbani na visu vyake viwili, kipimajoto cha chakula alichopewa na mpishi mkuu, na tabia ambazo jirani zake waliziona kama maradhi. Hakati samaki na mboga kwenye kibao kimoja. Haweki kilichopikwa chini ya kilicho kibichi. Na huwezi kuzungumza naye huku umeshikilia mlango wa friji wazi. Atakunyamazia mpaka uufunge.

Sisi tulikuwa tumemfukuza mtu wa kantini aliyetangulia, kwa ajili ya mafuta. Yalikuwa meusi kama lami na akikaangia mpaka yanatoa povu. Kamati ikatangaza nafasi, wakaja watu watano. Wanne walitueleza namna watakavyouza. Amne alitutazama mmoja mmoja, kisha akauliza, "Maji yenu yanatoka wapi?"

"Mferejini," akajibu Mwalimu Khairiya, mwalimu mkuu wetu.

"Na mferejini yanatoka wapi?"

"Kwenye tangi la chini, hapo nyuma."

"Na hilo tangi huoshwa lini?"

Mwenyekiti akacheka, akasema, "Huyu ndiye." Tukampa kantini. Swali lake hatukulijibu.

Wiki ya kwanza alipika kunde za nazi, muhogo wa kuchemsha, mayai, na machungwa yaliyomenywa vizuri. Kengele ya mapumziko ilipolia, watoto walipita mbele ya dirisha lake bila ya kulitazama, wakaenda mbio kwenye ukuta wa nyuma. Ukuta ule una tundu la tofali moja. Upande wa pili wa tundu alikuwako muuzaji mmoja, Usi, na baiskeli yake, na nyuma ya baiskeli sanduku la barafu. Usi alikuwa akiuza bajia, ubuyu wa rangi, na malai, yale maji ya sukari na rangi yaliyogandishwa kwenye vifuko. Malai yake yalikuwa mekundu hata mtoto akila asubuhi, adhuhuri bado ulimi unasema.

Kunde tukazila sisi walimu. Siku tano mfululizo. Zilikuwa tamu, lakini hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia hivyo, kwa namna alivyokuwa akiyasugua masufuria yake.

Siku ya sita alimkuta binti yake mwenyewe pale ukutani. Mardhiya alikuwa darasa la nne.

"Midomo yako imekuwaje?"

"Sijui, mama."

"Hujui midomo yako?"

Mtoto akaangua kilio. "Wote wanakula! Mimi peke yangu wananiita Mtoto wa Kunde."

Amne hakumpiga. Alikwenda kwenye tundu akainama, na mimi niliyekuwa zamu siku ile nikasikia kila neno.

"Assalaam aleikum, Usi."

"Waaleikum salaam, dada Amne. Leo unaniungisha?"

"Mafuta haya umeyakaangia mara ngapi?"

"Mafuta ni mafuta, dada."

"Na rangi hii?"

"Rangi ya chakula. Imeandikwa kwenye pakti."

"Imeandikwa kwa lugha gani?"

"Lugha yao waliotengeneza." Kisha Usi akashusha sauti, na mzaha ukamtoka. "Dada, mimi nna watoto wanne. Ukinifukuza hapa ntakwenda skuli ya pili. Huko nako watoto wana matumbo. Sasa utakuwa umemwokoa nani?"

Jibu hilo lilimkaa Amne siku nyingi. Hata hivyo alikwenda kwa Mwalimu Khairiya, akaambiwa kuwa nje ya ukuta si mamlaka ya skuli. Akaenda kwa sheha. Sheha akamwambia kuwa mtoto akishavaa sare ni wa mwalimu, hata akiwa anatia mkono tunduni. Akaenda ofisi ya afya, wakamwambia alete barua. Barua nikaiandika mimi, ikarudishwa kwa kukosa muhuri. Ikapigwa muhuri, ikarudi kwa kuwa imeelekezwa kwa mtu aliyehamishwa. Mara ya tatu haikurudi, na wala haikujibiwa. Tundu nalo tulilijaza saruji mara mbili, na mara mbili likafunguka, maana watoto wana misumari.

Basi Amne akabadilisha njia. Aliniambia, "Mwalimu, kosa langu mimi. Nimewapikia kama wagonjwa." Akaacha kupika kilicho sahihi peke yake, akaanza kupika kilicho sahihi na kinachotamaniwa. Akapika urojo. Embe mbichi, ndimu, manjano, mbatata alizochemsha asubuhi ile ile, na ndani yake kachori alizozikanda kwa zile zile kunde walizozikataa. Bajia alizikaanga kwa mafuta mapya, yakianza kubadilika rangi anayamwaga. Akatengeneza maji ya ukwaju na ya pasheni, kwa maji aliyoyachemsha na kuyapoza tangu jana yake. Chatne ya nazi aliitia kidogo, kwa kijiko chake mwenyewe, na mtoto akitaka zaidi anaulizwa kwanza, "Onesha mikono."

Mikono ndiyo iliyokuwa vita yake. Aliweka ndoo mbili zenye koki na sabuni, na asiyenawa hali. Nilimwona akibishana na mtoto wa darasa la pili, wote wawili wamekunja uso, mtoto anasema ameshanawa na Amne anasema kucha hazijui habari hiyo. Lakini walikuja. Kufika katikati ya mwaka 2023, nusu ya skuli ilikuwa inapanga foleni kwenye dirisha lake, na Usi akawa anaondoka na malai yake nusu sanduku.

Mwaka huo huo niliitwa kwenye semina ya lishe bora maskulini. Bi Amne hakuitwa, kwa sababu mialiko ilikuwa ya walimu. Siku mbili tulikaa kwenye ukumbi wenye baridi, tukafundishwa hatari ya sukari, na saa nne tukaletewa soda na keki. Nilirudi na bango kubwa la kubandika kantini. Amne alilikunjua, akalitazama kwa makini.

"Hiki kijani kama kichaka ni nini?"

Nikamtajia jina lake kama nilivyolisikia semina.

"Nilikuwa nakikata hotelini kwa ajili ya wageni," akasema. "Kumbe wewe hukuwa ukikijua. Mchicha uko wapi hapa? Muhogo uko wapi? Dagaa? Embe?" Akalikunja tena. "Mwambie aliyelichora aje Chukwani ale."

Hakulibandika. Lilikaa nyuma ya mlango wa ofisi yangu.

Sasa nafika pahala ambapo hadithi hii inanihusu. Mwezi wa Novemba mwaka huo Amne aliyapitisha maji ya mferejini kwenye kitambaa cheupe, akaniletea kitambaa. Kilikuwa na tope na vijidudu vyembamba vyekundu. Akaleta na barua, ameandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari: tangi la chini lina mfuniko uliopasuka, liko karibu na vyoo, mvua ikinyesha maji yanaingia, yeye anachemsha maji yake, lakini watoto wanakunywa moja kwa moja mferejini, tafadhali lisafishwe kabla ya masika. Nikampelekea Mwalimu Khairiya. Akasoma, akavuta pumzi, akasema, "Tutaliangalia likizo."

Nikaitia barua kwenye faili. Likizo ikaja ikapita, na hakuna aliyeliangalia. Nilimwona Amne Januari, akaniuliza, "Vipi tangi?" Nikamwambia lipo kwenye utekelezaji. Neno hilo nililitoa wapi, sijui. Labda semina.

Masika ya 2024 yalikuja na mvua ya kumwaga. Mwanzoni mwa Mei uwanja wetu ulijaa maji siku tatu. Jumatano watoto wakaanza kutapika darasani. Kufika Alkhamisi walikuwa kumi na saba wenye kuharisha, na msichana mmoja wa darasa la tatu kalazwa, ametundikiwa maji. Wote walipona, alhamdulillah. Lakini siku hizo mbili hatukujua kama watapona.

Alkhamisi saa tano wakaja maafisa wa afya, watatu. Aliyekuwa akiwaongoza ni kijana mmoja, Anuar, mwenye adabu sana. Wakauliza chakula kinauzwa wapi. Kwenye daftari la skuli kulikuwa na sehemu moja tu yenye kibali, yenye jina na nambari: kantini ya Amne Machano. Tundu la ukuta halina kibali, kwa hivyo kwenye karatasi zao halikuwepo.

"Shikamoo, Bi Amne," akasema Anuar.

"Marahaba, mwanangu."

"Tumepokea taarifa. Itabidi tuifunge kwa sasa, mpaka uchunguzi ukamilike."

"Chunguza," akasema Amne. "Nyumbani kwangu kwenye friji nna kikopo cha kila nilichokipika siku tatu hizi, kila kimoja na tarehe yake. Tulikuwa tukifanya hivyo hotelini. Nenda ukachukue, upime."

Anuar alimtazama kwa mshangao. Nafikiri katika kazi yake hajawahi kuambiwa neno kama hilo. Akaenda naye nyumbani, akachukua vikopo tisa vilivyoganda, akavitia kwenye gari. Dirisha la kantini likapigwa kufuli na karatasi ikabandikwa.

Mchana ule ule picha ya Amne ikazagaa kwenye kundi la simu la wazee wa watoto. Ilikuwa picha ya mahafali, ameshika mwiko, anacheka. Juu yake mtu kaandika: "Huyu ndiye anayewalisha watoto wetu sumu." Mimi nilikuwemo kwenye kundi lile. Niliisoma, nikaifunga simu.

Mardhiya, ambaye sasa alikuwa darasa la sita, alikataa kuja skuli. Jina la Mtoto wa Kunde lilikuwa limekufa. Wamempa la pili, baya zaidi.

Wiki moja baadaye Amne alikwenda ofisini kwa Anuar kuulizia majibu. Akarudi akapita moja kwa moja darasani kwangu, nikawaacha watoto na zoezi nikatoka.

"Zimeyayuka," akasema.

"Nini?"

"Sampuli zangu. Siku ile wametoka kwangu wamekwenda kwenye skuli nyengine tatu, jua limetoka, vikopo viko nyuma ya gari. Wamefika maabara jioni, maabara imekataa kuzipokea. Kijana yule kaniomba radhi. Kaniambia, 'Bi Amne, gari letu halina sanduku la barafu.' Usi ana sanduku la barafu, mwalimu! Muuza malai analo, na wao hawana!"

Sijawahi kumsikia akipandisha sauti kabla ya hapo. Watoto walitoa vichwa madirishani.

"Sasa watapima nini?" nikauliza.

"Hawatapima kitu. Faili liko wazi na mimi nimefungwa."

Kuanzia siku ya pili yake akaanza kupita nyumba za wale watoto kumi na saba, na daftari mkononi. Alitaka kujua kila mmoja alikula nini na kunywa nini Jumanne na Jumatano. Kwengine alifungiwa mlango. Mwanamke mmoja alimwagia maji ya kuoshea vyombo karibu na miguu yake, akasema samahani hakumwona. Nyumba tatu hazikumfungulia kabisa.

Aliyemsaidia ni Tabia, fundi wa kushona, watu wake asili yao Tabora lakini babu yake kazikwa hapa hapa Unguja. Yule msichana aliyelazwa ni mwanawe.

"Kaa, Bi Amne," akamwambia. "Mwanangu hakula kwako. Wala hakula kwa Usi. Mimi humpa chakula cha nyumbani, kwa sababu ana pumu na naogopa rangi zile. Kwa hivyo hao wanaosema kantini, mimi siwaelewi."

"Maji je? Humpa na maji?"

Tabia akafikiri. "Chupa anayo. Lakini ikimwishia hujaza mferejini, hapo hapo skuli."

Amne akaniletea daftari lake Ijumaa baada ya sala. Tukakaa kwenye ngazi ya darasa. Nyumba kumi na nne. Tisa walikula malai. Watano hawakula malai ya Usi wala chakula cha Amne. Wamekunywa mferejini tu. Katika wote kumi na nne, hakuna hata mmoja aliyekula kwa Amne bila ya kunywa maji ya mfereji au kula malai.

"Malai na mfereji vinakutana wapi?" nikamuuliza, na huku jibu linaniingia mwilini kama baridi.

Tukaenda kwa Usi. Tulimkuta amelala barazani kwake, amekonda. Na yeye alikuwa ameugua, na wawili katika watoto wake.

"Maji ya malai unachota wapi, Usi?"

"Kwenu," akasema. "Mfereji wa nyuma. Mlinzi ananiruhusu. Mimi kwangu maji yanatoka mara moja kwa wiki." Akatutazama. "Kwani vipi?"

Amne aliweka mkono kichwani. Miaka miwili alikuwa akipigana na rangi na mafuta ya mtu yule, na vyote viwili ni vibaya kweli. Lakini kilichowaangusha watoto kilikuwa chetu, ndani ya ukuta wetu, na yeye alituambia kwa barua.

Mwalimu Khairiya si mtu mbaya. Alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja kustaafu, na skuli ile ameijenga kwa kuomba omba saruji. Alilisoma daftari lote, akalifunga taratibu.

"Amne, mdogo wangu," akasema. "Tukisema ni tangi, watafunga skuli nzima. Watoto mia tisa watakwenda wapi? Mitihani ni mwezi gani?"

"Na mimi?"

"Wewe utafunguliwa. Nakuahidi."

"Jina langu je? Hilo nalo litafunguliwa?"

Mwalimu Khairiya akatazama dirishani. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao na nilijua barua iko kwenye faili, kabati la pili, na nilinyamaza.

Tangi lilisafishwa Jumamosi iliyofuata, bila ya tangazo. Mafundi walitoa ndoo ishirini na tatu za tope. Walikuta na kandambili ya mtoto, na chura. Likatiwa dawa, likawekewa mfuniko mpya wa zege wenye kufuli. Hakuna mtoto aliyeugua tena. Kantini ikaendelea kufungwa.

Mwisho wa Julai ndipo kibali kilipokuja, na masharti kumi na moja. La kwanza: aweke maji na sabuni ya kunawia mikono. La pili: achemshe maji ya kunywa. La tatu: asitumie kibao kimoja kwa samaki na mboga. Amne aliyasoma yote kumi na moja kwa sauti, akiwa amesimama mbele ya zile ndoo zake mbili zenye koki. Kila alilokuwa akilifanya tangu siku ya kwanza ameamrishwa alianze. Kuhusu tangi hakukuwa na hata neno.

"Basi angalau yameisha," nikamwambia. Lilikuwa neno la kijinga.

"Hayajaisha, mwalimu. Yamefunikwa."

Mkutano wa wazee ulifanyika Jumapili iliyofuata. Ukumbi ulijaa. Mwalimu Khairiya akaeleza kuwa kulitokea changamoto, kwamba hatua zimechukuliwa, kwamba kantini inafunguliwa, na kwamba tusilaumiane. Watu wakaanza kunyanyuka. Amne akasimama mstari wa nyuma.

"Mimi naomba kulaumiwa," akasema.

Walionyanyuka wakakaa tena.

"Nilaumiwe kwa nilichokifanya. Nimewapikia watoto wenu miaka miwili na nusu. Kama nimemdhuru mmoja, asimame mzazi wake aseme. Nimekwenda nyumba kumi na saba. Kumi na nne zimenifungulia. Waulizeni watoto wenu walikunywa nini." Akaendelea, "Picha yangu mnayo kwenye simu zenu. Niliyekuwa nikicheka ni mimi. Nilicheka kwa sababu siku ile walimaliza kunde zote."

Tabia akasimama upande wa wanawake. "Mwanangu ndiye aliyelazwa, na hajapata kula kwa Bi Amne. Kanywa maji ya mfereji wa skuli."

Manung'uniko yakaanza. Mwalimu Khairiya akanitazama, mimi mwenye kuandika kumbukumbu. Ndipo na mimi nikasimama. Ningependa kusema ulikuwa ushujaa, lakini kilichonisimamisha ni aibu, maana nilimwona Mardhiya amekaa karibu na mama yake ananitazama. Mtoto huyo nilimfundisha mimi sayansi. Nilimfundisha mimi kwamba maji yasiyochemshwa yana vijidudu. Nikawaambia wazee kuwa Bi Amne aliandika barua Novemba kuhusu tangi, kwamba niliipokea, kwamba iko kabatini. Nikaenda nikaileta, nikaisoma.

Sikupigiwa makofi, wala sikustahiki. Baba mmoja akauliza kwa nini sikusema mwezi wa Mei. Mwengine akauliza kama sasa tangi ni safi, nikasema ni safi. Kisha mzee mmoja wa mbele akasema, "Haya, na urojo unaanza lini? Mwanangu ananisumbua." Watu wakacheka, na kucheka huko kukaumaliza mkutano. Amne alikaa kitini mpaka ukumbi ukawa mtupu. Nilimwendea nikamwomba radhi. Akaniambia, "Nimekusikia."

Alirudi kazini Agosti, kwa sharti moja alilolitoa yeye: ufunguo wa mfuniko wa tangi akae nao yeye. Wakampa. Siku ya kwanza walikuja watoto thelathini na kitu, na huko nyuma walikuwa mia nne na zaidi. Wengi wazee wao waliwakataza, kwa sababu waliokuwapo mkutanoni ni wachache na wenye picha kwenye simu ni wengi. Wanarudi polepole, watano wiki hii, wanane wiki ile. Hakuna aliyeandika kwenye kundi kuwa ile habari ilikuwa ya uongo. Mimi niliandika mara moja. Mtu akajibu kwa picha ya mtoto anayecheka, na mazungumzo yakahamia kwenye sare.

Usi bado yuko tunduni. Sasa kila asubuhi huja na madumu mawili kuchukua maji yaliyochemshwa kwenye jiko la Amne, na kila asubuhi hugombana kuhusu rangi. "Tia ukwaju, una rangi yake," Amne humwambia. "Ukwaju haung'ari, dada," hujibu Usi. Ameacha mafuta ya zamani. Rangi hajaiacha.

Januari iliyofuata tangi lilikuwa lisafishwe tena kwa ratiba. Dawa haikuletwa. Februari haikuletwa. Amne alikwenda mara nne kuuliza, akaambiwa iko njiani. Mara ya tano hakuuliza. Alifunga dirisha lake na akakaa nje kwenye kiti, mikono mapajani, na ufunguo wa tangi shingoni. Siku mbili walimu tulikosa chai na watoto wakakosa urojo. Siku ya tatu dawa ikaja.

Mardhiya sasa yuko sekondari, mbali kidogo, ambako hakuna anayemjua kwa jina la utani. Mwalimu Khairiya kastaafu. Na ile barua rasmi ya kusema kuwa Amne Machano hakuhusika na maradhi ya watoto, ambayo nimeiomba ofisi ya afya kwa maandishi mara tatu, na muhuri, na kwa jina la mtu aliyepo, haijaja. Kila Jumatatu Amne huniuliza anaponipa kikombe changu. Namwambia bado. Hutikisa kichwa, akamwita mtoto anayefuata, akamwambia aoneshe mikono.